Pima Kimo Kwanza: Fizikia ya Mteremko kwa Mkazi wa Matombo

Karibu kila uamuzi wa gharama unaofanywa Matombo una mlima ndani yake. Bomba la kutoka chemchemi, mikungu ya ndizi inayopelekwa barabarani, pikipiki yenye abiria na magunia wakati wa masika, tuta la kuzuia udongo, mtambo mdogo wa umeme kando ya kijito: yote hayo huuliza jambo moja kabla ya mengine, nalo ni kimo. Kimo hapa ni tofauti ya wima kati ya sehemu mbili, si urefu wa njia inayoziunganisha. Njia ya kilomita mbili inaweza kuwa na kimo cha mita 20 au cha mita 300, na uamuzi unaofaa kwa ile ya kwanza unaweza kuwa hasara tupu kwa ya pili. Mwongozo huu unashikilia hoja moja: kwenye miteremko ya mashariki ya Uluguru, anayejua kimo na kiasi, yaani lita za maji au kilo za mzigo, ameshapata sehemu kubwa ya jibu. Asiyejua hulipia kubahatisha kwake kwa fedha, kwa jasho, au kwa shamba lililochukuliwa na maji.

Fizikia inayohitajika ni ile ya kidato cha kwanza na cha pili. Kuinua kilo moja kwa mita moja kunahitaji nishati ya takriban juli 10. Hesabu kamili ni 9.8, lakini kumi inatosha na huzidishwa kichwani bila karatasi. Kitu hicho kikishuka mita moja, juli hizo kumi hurudi, na hapana budi ziende mahali fulani: zitazungusha mtambo, zitapasha breki moto, zitachimba udongo au zitasukuma maji ndani ya bomba. Haziwezi kutoweka, na hakuna fundi wala mashine inayoweza kuziongeza. Ukishika hilo, utaweza kumuuliza muuza mashine swali ambalo hataki kuulizwa, na utaweza kujua mapema bomba gani litapasuka usiku.

Kupima kimo bila kununua kifaa

Simu nyingi za kisasa hutoa kimo, na kwa safari ya kupanda mlima hilo linatosha. Kwa bomba au mtambo halitoshi, kwa sababu kosa la mita 10 au zaidi ni la kawaida, hasa bondeni na chini ya miti. Tumia badala yake chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, iliyojazwa maji nusu. Simama pale ambapo koki itakuwa, ishike chupa ikiwa imelala mbele ya jicho, kisha tazama kuelekea mlimani ukifuata uso wa maji, ukingo wa karibu na wa mbali ukiwa mstari mmoja. Mahali mstari huo unapogusa mteremko pako juu ya nyayo zako kwa kiasi kilekile cha urefu wa jicho lako kutoka ardhini. Mwambie mwenzako asimame hapo, nenda ukasimame alipo, rudia. Kama jicho lako liko mita moja na nusu kutoka ardhini na umerudia mara 20 hadi kufika chanzoni, kimo ni mita 30. Fanya kazi hiyo mara mbili. Majibu mawili yakipishana sana, kuna mahali chupa iliinama. Panapotakiwa usahihi zaidi, tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga kama wafanyavyo mafundi wa ujenzi wanapolinganisha msingi: maji kwenye ncha zake mbili hukaa usawa mmoja daima, mradi mpira usiwe na mapovu ya hewa ndani.

Maji ya bomba: kimo ndicho presha

Watu wengi huamini kwamba tangi kubwa hutoa presha kubwa kwa sababu lina maji mengi. Sivyo. Presha kwenye koki hutokana na kimo cha maji yaliyo juu yake, na upana wa tangi hauhusiki. Tangi la lita 5,000 lililowekwa chini kwenye usawa wa koki litatoa maji kwa unyonge, na pipa la lita 200 lililo juu ya jukwaa la mita tatu litayasukuma kwa nguvu zaidi. Tangi kubwa hukupa siku nyingi za maji. Jukwaa au mlima ndio unaokupa presha. Kwa hiyo mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu, na ambaye maji yake hayakatiki ila hutoka kwa kudondoka, asinunue tangi kubwa zaidi. Alipandishe alilo nalo.

Kimo kikizidi, faida hugeuka hatari, na hapa ndipo miradi mingi ya mlimani huharibika. Bomba la plastiki huwa na maandishi ubavuni: PN 6, PN 10, PN 16. Zidisha namba hiyo kwa kumi upate mita za kimo ambazo bomba linaweza kuzibeba: PN 6 ni mita 60, PN 10 ni mita 100. Tuseme chanzo kiko mita 90 juu ya koki ya nyumbani na umeshawishika kununua PN 6 kwa kuwa ni nafuu. Mchana koki zikiwa wazi, maji yanakimbia, sehemu ya presha inaliwa na msuguano wa kuta za bomba, na kila kitu kinaonekana salama. Usiku koki zote zikifungwa maji husimama, msuguano hukoma, na mita zote 90 hulala juu ya bomba lililotengenezwa kubeba 60. Ndiyo sababu mabomba hupasuka usiku wakati hakuna anayeyatumia. Dawa ni mojawapo kati ya mbili: tumia bomba la PN 10 sehemu ya chini ya mstari, au jenga tangi dogo la wazi katikati ya mteremko, ambapo maji humwagika na kuanza upya bila presha ya juu. Tangi hilo liwe na koki ya boya ili lisifurike.

Kosa la tatu ni kupunguza upana wa bomba kwa imani kwamba bomba jembamba huongeza nguvu ya maji. Imani hiyo inatokana na kuziba mdomo wa mpira kwa kidole na kuona maji yakiruka mbali. Kwenye mpira umebana ncha tu. Kwenye bomba jembamba la mita mia tano umebana njia nzima, na msuguano hula presha mita kwa mita. Kwa kimo na urefu uleule, bomba la nusu inchi hupitisha takriban sehemu moja ya sita tu ya maji yanayopitishwa na bomba la inchi moja, ingawa bei ya inchi moja haifiki mara sita. Angalia pia mstari usipande na kushuka ovyo, maana hewa hukusanyika kwenye vilele vya bomba na kuzuia maji hata kama chanzo kimejaa. Palipo na kilele kisichokwepeka, weka koki ndogo ya kutolea hewa. Mradi unaohudumia zaidi ya nyumba chache haupaswi kuishia kwenye hesabu za mwongozo huu. Wahandisi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, ndio wenye dhamana hiyo. Hata hivyo kamati ya maji inayokuja mezani na kimo kilichopimwa na lita za chanzo husikilizwa kwa namna tofauti na ile inayokuja na malalamiko tu.

Mtu anaweza kusema kwamba basi maji ya mserereko ni bora daima kuliko pampu. Si lazima. Kuinua lita 1,000 kwa mita 30 kunahitaji juli 300,000. Uniti moja ya umeme ina juli milioni 3.6, kwa hiyo hata pampu inayopoteza theluthi mbili ya nishati itatumia takriban robo ya uniti. Kama kisima kiko mita 30 chini ya nyumba na chemchemi ya juu iko kilomita tatu, na umeme unafika, bei ya kilomita tatu za bomba inaweza kulipa pampu na umeme wake kwa miaka mingi. Fizikia haikuchagulii upande. Inakupa namba za pande zote mbili.

Umeme wa kijito: maji mara kimo

Mkoa wa Morogoro wenyewe ni ushahidi wa kanuni hii. Kituo cha Kidatu kwenye mto Ruaha Mkuu kina uwezo wa megawati 204, na kile cha Kihansi megawati 180. Mito yao hailingani hata kidogo, lakini Kidatu maji hushuka takriban mita 175, na Kihansi hushuka zaidi ya mita 800, hivyo Kihansi hupata karibu umeme uleule kwa maji machache mara kadhaa. Na barabara ya Bigwa hadi Kisaki, inayopita Matombo, huelekea upande wa bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115. Huko kimo si kikubwa, ila maji ni mengi mno. Mwenye kijito kidogo na mteremko mkali yuko upande wa Kihansi, na hapaswi kukata tamaa kwa sababu tu kijito chake kinavukwa kwa kuruka.

Hesabu ya nyumbani ni hii: lita kwa sekunde, mara mita za kimo, mara tano, ndizo wati utakazopata. Tano ni nusu ya ile kumi ya mwanzo, kwa kuwa mtambo mdogo hupoteza takriban nusu ya nishati njiani. Kupima lita, elekeza kijito kwenye ndoo ya lita 20 na utazame saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde nane, una lita mbili na nusu kwa sekunde. Kwa kimo cha mita 20 utapata wati 250. Zinatosha taa za nyumba kadhaa, redio, televisheni na simu za jirani wote, lakini hazitoshi pasi ya umeme, ambayo peke yake hudai wati 1,000. Msomaji anayemiliki paneli ya jua ya wati 250 asiseme kwamba hajapata kitu kipya. Paneli hiyo hutoa takriban uniti moja kwa siku yenye jua zuri, na kijito kinachofanya kazi mchana na usiku hutoa uniti sita.

Kwa hesabu hiyohiyo unamjibu anayekuuzia mtambo wa wati 3,000. Gawanya kwa tano: unapata 600. Kwa kimo cha mita 20 mtambo huo unahitaji lita 30 kila sekunde, yaani ndoo moja na nusu. Kama kijito chako hakina maji hayo, namba iliyobandikwa kwenye mashine haitakufaa chochote. Pima maji mwisho wa kiangazi, kabla ya vuli kuanza, kwa maana mtambo uliopimwa masika utasimama Septemba. Kumbuka pia kwamba kuchepusha maji ya mto kwa mtambo kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, iliyo Morogoro. Vijito vya upande huu wa mlima huishia kwenye mto Ruvu, ambao ndio tegemeo kuu la maji ya Dar es Salaam, na aliye chini ana haki sawa na aliye juu.

Mzigo: njia ya mkato haikupunguzii mlima

Mtu wa kilo 60 aliyebeba mzigo wa kilo 25 anapopanda kimo cha mita 200 huinua kilo 85, na kazi hiyo ni juli 170,000. Mwili wa mtu mzima mwenye afya unaweza kufanya kazi ya kupanda kwa takriban wati 75 kwa muda mrefu bila kuishiwa pumzi. Gawanya: ni sekunde karibu 2,270, yaani dakika 38. Namba hiyo haikutaja urefu wa njia popote. Mwenye mzigo mzito hufungwa na kimo, na njia ya mkato inayopanda wima haimfikishi mapema kwa kiasi anachodhani, kwa sababu inamlazimu kusimama na kuhema. Muda anaouokoa kwenye mita za njia anaulipa kwenye mapumziko.

Pingamizi lipo, nalo ni la haki: asiye na mzigo, au anayeteremka, huokoa muda kweli kwa njia ya mkato, na kijana mwenye nguvu huzidi wati 75. Tena njia ya mzunguko ikiwa ndefu kupita kiasi, hatua za tambarare nazo huchosha. Kwa hiyo kanuni ya kuchagua iwe hivi: kwa mzigo wa kupandisha, chagua njia inayopanda polepole bila kushuka katikati. Njia inayokupandisha mita 50, ikakushusha bondeni mita 50, kisha ikakupandisha tena, imekutoza mara mbili, kwa kuwa misuli yako hairejeshewi nishati ya kushuka. Njia ya wima ina gharama nyingine inayolipwa na kijiji kizima: masika huwa mfereji, maji yakaifuata, na baada ya misimu michache hakuna njia wala shamba lililokuwa kando yake.

Pikipiki: nishati ya kushuka lazima iende mahali

Chukua pikipiki ya kilo 115, dereva wa kilo 65, abiria wa kilo 60 na gunia la kilo 60. Jumla ni kilo 300. Ikishuka kimo cha mita 200, inaachia juli 600,000, joto linaloweza kuchemsha karibu lita moja na robo tatu za maji ya baridi. Kama dereva ametoa gia au amezima injini, sehemu kubwa ya joto hilo haina pa kwenda ila kwenye breki. Breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza mshiko, na dereva huhisi anakanyaga bila jibu. Ukishuka na gia ndogo, injini yenyewe hugeuka breki: hubeba sehemu kubwa ya kazi na kulitoa joto kwa mapezi yake yaliyotengenezwa kwa shughuli hiyo. Kanuni ya madereva wazoefu kwamba mlima ushukwe na gia uliyoweza kuupandia ina msingi kamili wa kifizikia.

Wanaotoa gia husema wanaokoa mafuta. Wanaokoa kweli, lakini ni yale ambayo injini hunywa ikinguruma taratibu kwa dakika chache, vijiko vichache tu vya mezani. Hakuna bei ya petroli inayofanya biashara hiyo iwe na maana.

Mwendo nao una hesabu yake. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Kwenye lami kavu ya tambarare, pikipiki ya kilomita 30 kwa saa inaweza kusimama ndani ya mita tano hivi tangu breki zinaposhika. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, mshiko hupungua hadi nusu au chini ya hapo, na mteremko hula sehemu ya mshiko uliobaki. Kwa mteremko unaoshuka mita moja kila mita kumi, kwenye udongo wenye utelezi, mwendo uleule wa kilomita 30 hudai takriban mita 17, na wa kilomita 60 hudai karibu mita 70. Hapo bado hujahesabu nusu sekunde au zaidi ya dereva kushtuka. Abiria ana haki ya kuzijua namba hizi na kumwambia dereva apunguze.

Udongo: fizikia nusu ni hatari kuliko kutokuwa nayo

Sehemu hii ndiyo inayojaribu hoja ya mwongozo huu, kwa sababu Matombo ina historia ya wataalamu waliokuja na hesabu na wakashindwa. Miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, uliojulikana kwa Kiingereza kwa kifupi cha ULUS, na kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi milimani. Mwaka 1955 upinzani ulilipuka kwa ghasia hapa Matombo, na mpango ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke walilichunguza suala hilo katika kitabu chao cha mwaka 1960 kuhusu ardhi na siasa za Waluguru. Msomaji anaweza kuuliza: kama fizikia ni mwongozo mzuri kiasi hicho, mbona wenyeji wasio na hesabu walikuwa na hoja bora kuliko wahandisi?

Jibu ni kwamba mpango ule ulibeba nusu ya hesabu. Nusu iliyobebwa ni sahihi: maji yanayoteremka yakiongezeka mwendo mara mbili, nguvu yake ya kuchimba huongezeka mara nne au zaidi, kwa hiyo kukata mteremko vipande hupunguza mmomonyoko. Nusu iliyoachwa ina mambo mawili. Kwanza, kuchimba ngazi kwenye mlima mkali hufukia udongo wa juu wenye rutuba na kuleta juu udongo wa chini usiozaa, jambo ambalo mkulima aliliona kwenye mavuno. Pili, ngazi huyasimamisha maji, nayo yana uzito. Milimita moja ya mvua kwenye hekta moja ni lita 10,000, yaani tani 10. Mvua ya milimita 100 ni tani 1,000 kwa hekta. Yakizama kwenye udongo mwembamba ulio juu ya mwamba, huongeza mzigo wa mlima na wakati huohuo hutenganisha punje za udongo na kupunguza msuguano unaozishika. Mzigo umeongezeka, mshiko umepungua; mlima hukatika.

Ushahidi upo upande wa pili wa safu hiihii. Februari 1970 mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda usiozidi saa tatu. Watafiti Temple na Rapp, walioandika juu yake mwaka 1972, walikuta mamia kwa mamia ya maporomoko, karibu yote yakiwa yameanzia kwenye mashamba na majani, na machache mno msituni. Mizizi ya miti hushona udongo na mwamba, na miti hunyonya maji kati ya mvua moja na nyingine. Kwetu upande wa mashariki hoja hiyo ni nzito zaidi, kwa sababu upepo wa Bahari ya Hindi hulazimishwa na mlima kupanda, hewa hupoa, mvuke hugeuka mvua, na upande wa Mgeta huachiwa kilichobaki.

Fuata basi utaratibu huu. Pima mteremko wako: kwa kila mita kumi za tambarare, unashuka mita ngapi? Ukishuka mita moja au mbili na udongo ni wa kina, makinga maji yaliyonyooka usawa, yenye majani yaliyopandwa ukingoni, yanafaa. Yapime kwa fremu yenye umbo la herufi A au kwa pimamaji. Ukishuka mita tatu au nne, usiyasimamishe maji yote. Chimba mifereji inayoinama kidogo, takriban mita moja kwa kila mita 100 au 200, iyatoe polepole hadi kwenye bonde lenye majani. Ukishuka mita tano au zaidi, au udongo ukiwa haufiki urefu wa jembe kabla ya mwamba, panda miti na mazao ya kudumu: mdalasini, karafuu, pilipili manga na migomba iliyochanganywa na miti. Matandazo yanafaa kote, kwa kuwa tone la mvua lililovunjwa nguvu na jani kavu haliwezi kurusha udongo.

Kwamba tatizo halikuwa matuta yenyewe bali kuyalazimisha kila mahali kunaonyeshwa na yaliyotokea baadaye Kibungo Juu, milimani humuhumu Uluguru. Katika mradi ulioendeshwa na mashirika ya CARE na WWF, DAWASCO, iliyokuwa kampuni ya maji ya Dar es Salaam, na Coca-Cola Kwanza zilichangia kuwalipa wakulima waliohifadhi udongo kwenye vyanzo vya mto Ruvu. Matuta yalikuwamo tena, lakini yakiwa pamoja na miti na njia nyingine, kwa hiari, na kwa malipo. Mkulima alikuwa na nafasi ya kuchagua kipi kinafaa wapi.

Pingamizi la mwisho

Litabaki pingamizi kwamba wazee waliishi mlimani humu bila kupima chochote. Ni kweli kwamba walijua mengi: wapi pasilimwe, njia ipi ipinde, kijito kipi hakikauki. Ujuzi huo ulitokana na vizazi vya majaribio, na unapaswa kuulizwa kabla ya kupima. Lakini wazee hawakuwa na bomba la PN 6, mtambo wa wati 3,000 wala pikipiki yenye mzigo wa kilo 185. Kwa vitu hivyo hakuna vizazi vya majaribio vya kutegemea, na jaribio moja lililoshindwa hugharimu akiba ya mwaka au maisha ya mtu. Wengine watasema hesabu hizi ni za kukadiria. Ni za kukadiria, na zinatosha, kwa kuwa maamuzi mengi hayahitaji kujua kama jibu ni 240 au 260. Yanahitaji kujua kama ni 250 au 3,000.

Kwa hiyo kabla ya kulipa fundi, kuagiza mashine, kukata njia au kuchimba tuta, toka na chupa yako ya maji, ndoo ya lita 20 na saa. Andika kimo, andika kiasi, zidisha. Muuzaji au mtaalamu yeyote asiyeweza kueleza kwa nini namba yake inatofautiana sana na yako, usimpe fedha yako.